Karatasi Isiyo na Wino

Masasi,
14 Juni 1954

Kwa Mama Ethel, Mnyambe, Newala.

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni Bwana Cecil, dresa anayetufunga vidonda hapa hospitali ya misheni, nami namtamkia nikiwa kitandani. Usishtuke.

Juma lililopita, pale tunapopasua mawe ya barabara, baruti ililipuka nikiwa karibu. Nimeumia uso na mikono kidogo. Macho yamefungwa kitambaa, yana dawa. Daktari anasema yapumzike kwanza, kisha tutaona. Chakula nakula. Usije, njia ni ndefu na mtoto bado ananyonya. Mjomba Dastani mpe shikamoo yangu, umwambie mabati ya nyumba yatachelewa.

Mumeo,
Filemoni
(kwa mkono wa Cecil)


Mnyambe,
21 Juni 1954

Mume wangu Baba Ethel,

Bwana Cecil, nakuomba kwanza wewe unayesoma: soma yote, usiruke neno kwa kunihurumia mimi wala yeye.

Baba Ethel, umesema nisishtuke. Barua ilifika asubuhi na mpaka sasa jua linazama sijakaa kitako. Naingia ndani, natoka. Nimeshuka bondeni kuteka maji pamoja na wenzangu, nikafika juu na ndoo nusu, sijui nusu nyingine nimeimwaga wapi. Ndugu yangu Helena ananiambia tulia. Nitulie na kitu gani? Umeandika “tutaona”. Nani ataona? Wewe au daktari?

Tena barua yako haina utani hata kidogo. Tangu lini ukaniandikia bila kunitania?

Mjomba Dastani amekuja. Unajua kwetu mjomba akishasema basi limekwisha. Aliniuliza mbele ya mama, “Mkwe wetu anaona au haoni?” Nikasema, “Anaona.” Sasa niambie kama nilisema kweli. Na mimi ndiye niliyekuambia uende Masasi kwenye kazi ya mawe ili tupate mabati, kwa hiyo usinifiche. Nina haki ya kujua nilichokutuma.

Ethel ameota meno ya juu. Anauma kila kitu.

Mkeo,
Mabel


Masasi,
5 Julai 1954

Mama Ethel,

Mwambie mjomba jibu ni hili: haoni.

Kitambaa kimetolewa. Kutoa na kutokutoa ni sawasawa. Nilikuoa nikaja kukaa kwenu Mnyambe kama ilivyo desturi, nikalima shamba la kwenu na kupanda mikorosho ya kwenu. Kazi hiyo sasa siiwezi. Sitaki kukaa uani kwa mama mkwe wangu nikisubiri kushikwa mkono kwenda chooni. Wewe bado kijana. Rudi mikononi mwa mjomba wako, afanye analoona jema. Nimekupa ruhusa kwa moyo mmoja.

Usinijibu.

Filemoni
(kwa mkono wa Cecil)

Mimi Cecil naongeza bila kuambiwa: alipomaliza kutamka aligeukia ukutani, hata chai hakunywa.


Mnyambe,
13 Julai 1954

Baba Ethel,

Nakujibu.

Maneno yale siyachukui. Yametoka kinywani mwako, yakaingia masikioni mwa Bwana Cecil, yakatokea kwenye kalamu yake. Nitajuaje yalivyokuwa yalipokuwa bado kwako? Simsingizii Bwana Cecil, mwandiko wake ni mzuri kuliko wako wa zamani. Lakini siku ile kanisani tulisimama wawili. Mtu wa tatu hawezi kuniambia kwamba nimeachwa.

Ukitaka kuniacha, niandikie mwenyewe. Mpaka hapo mimi ni mkeo, na yeyote atakayeniuliza nitamjibu hivyo.

Najua nilichokisema. Nimekisoma tena. Mtu asiyeona ataandikaje? Sijui. Nimekasirika, nimeandika, na lori la barua linapiga honi.

Mabel


Mnyambe,
12 Oktoba 1954

Kwa Bwana Cecil, dresa, Masasi.

Salaam. Samahani nakuandikia wewe na si mume wangu, maana yeye sijui tena nimwandikieje. Tangu Julai kimya. Nilituma barua mbili, hazikujibiwa. Kila lori linalopanda kutoka Masasi nasimama barabarani kama mwuza maembe, mpaka madereva wananitania.

Jana imekuja bahasha yenye jina langu kwa mwandiko wako. Nimeifungua mbele ya mama na mjomba, kwa kuwa waliniona nikiipokea. Ndani mna karatasi nene, ngumu, haina hata doa la wino. Imetobolewa-tobolewa upande mmoja kama imeliwa na wadudu, na upande wa pili ina vipele.

Mjomba aliigeuza, akaichungulia juani, akanirudishia. Akasema, “Umemwambia akuandikie mwenyewe. Amekuandikia. Hana neno na wewe.” Kisha akaongeza kwamba Silvano, yule aliyefiwa na mke, wa upande wa juu, ameshauliza habari zangu kwa adabu. Ana mikorosho mingi na hana watoto wadogo.

Bwana Cecil, nakuomba useme kweli. Karatasi hii ni kitu gani? Kama ni mzaha, ni wa nani? Nimeilalia usiku kucha chini ya shavu, asubuhi nikajiona kwenye maji nina alama usoni kama ndui.

Mabel


Masasi,
19 Oktoba 1954

Mama Ethel mpendwa,

Niwie radhi sana. Kosa ni langu. Nilitia karatasi ndani ya bahasha nikasahau kutia na maelezo. Mumeo alifurahi mno siku ile, na furaha yake ikanivuruga akili.

Ile ni barua. Ameiandika mwenyewe, kwa mkono wake, bila mimi. Hapa kuna Sista mmoja wa misheni anayewafundisha wasioona maandishi ya vinundu. Barua yako ya Julai ilipofika niliisoma kama ulivyoniagiza, sikuruka neno. Filemoni aliinuka kitandani. Kisha akasema, “Niitie yule Sista.” Tangu siku hiyo hajapumzika. Ana kibao cha chuma chenye vijidirisha, na kisumari cha kuchomea karatasi. Amechoma mpaka ncha za vidole zimepasuka. Barua zako mbili za baadaye alikataa nimsomee mpaka ajibiwe hii yake. Ninazo hapa mezani, bado zimefungwa.

Namna ya kuisoma ni hivi. Kila herufi ina nafasi sita, tatu kushoto na tatu kulia, kama mayai sita kwenye kikapu chembamba. Kila nafasi ama ina kinundu ama haina. Basi, hakuna zaidi. Kinundu kimoja tu juu kushoto ni A. Ukiongeza cha chini yake ni B. Nimekuchorea zote kwenye karatasi ya pili. Soma upande wenye vipele, kutoka kushoto. Uwe mwangalifu na zile zinazogeuzana kama mtu na kivuli chake kwenye maji: E na I, D na F, H na J, R na W. Hizo ndizo zinazowatesa wanafunzi wote, hata mumeo.

Sijui ameandika nini. Alinizuia nisiisome, wala Sista hakuisoma. Alisema, “Hii ni ya watu wawili.”

Wako katika utumishi,
Cecil


Mnyambe,
3 Novemba 1954

Filemoni,

Bwana Cecil atakusomea hii, sina njia nyingine, na sasa sioni haya tena.

Nimeisoma. Nilipaka masizi ya chungu juu ya vinundu kwa kidole, vikatokea vyeusi. Kila mchana wengine walipokwenda kuokota korosho mimi nilibaki nyuma ya ghala na ile chati, natafuta herufi moja moja. Helena alidhani nimepata ugonjwa wa kichwa. Neno la kwanza nililolipata zima lilikuwa “mama”. Nikaruka. Nikamkumbatia Ethel mpaka akalia.

Nimenakili hivi. Kama nimekosea useme:

“Mama Ethel. Ulisema niandike mwenyewe. Naandika. Macho hayatarudi. Nilijua tangu mwanzo nikakuficha. Utambi wa baruti ulikawia nikarudi kuutazama. Hakuna aliyenituma kurudi. Nilisema uende kwa mjomba kwa sababu ya aibu. Aibu imepungua. Najifunza kusuka viti na kusoma. Siombi kitu. Neno moja tu. Wewe kwangu ni jiwe.”

Hapo kwenye neno la mwisho nilirudia na kurudia. Nilimpa hata Helena chati atazame, bila kumwambia ni neno gani. Akataja J, akataja I, akataja W, akataja E. Hakuna namna nyingine.

Nimeelewa. Jiwe ndilo lililokutoa macho, na aliyekutuma kwenye mawe ni mimi. Umesema hakuna aliyekutuma kurudi kutazama utambi. Lakini kwenda Masasi nilikutuma. Ungeweza kunitukana kwa njia nyepesi, ukachagua ile itakayonifanya nilichimbue tusi mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa siku zote zile. Sikujua kama una uchungu wa namna hiyo. Labda ni haki yako.

Nilitaka uniandikie mwenyewe, umeniandikia. Nimemwambia mjomba aitishe baraza Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Silvano atakuja na wazee wake. Sitasema hapana.

Ethel anatembea. Anakwenda upande mmoja kama kaa.

Mabel


Masasi,
12 Novemba 1954

Mama Ethel,

Nakuandikia haraka. Sijui barua hii itafika kabla ya mwenyewe au baada yake.

Barua yako ilifika jana jioni. Nilimsomea pembeni ya jengo, mbali na wagonjwa. Nilipofika kwenye neno lile alinishika mkono.

“Rudia.”

Nikarudia.

“Mimi sikuandika hivyo!”

“Labda Mama Ethel hajazoea kusoma vinundu,” nikasema.

“Mke wangu anajua kusoma!” Alisema kwa sauti hata wauguzi wakachungulia dirishani. “Hajakosa neno lolote hapo juu, akose hilo? Wewe ndiye uliyempa chati mbovu.”

Nikaleta nakala ya chati, Sista akaipitia pamoja nasi, haina kosa. Filemoni akauliza baraza ni lini. Nikamwambia kesho kutwa. Nilimwuliza kama sio lile neno, alikuwa ameandika neno gani? Akasema, “Nitamwambia mwenyewe.”

Leo asubuhi kitanda chake ni kitupu. Kibao chake hakipo, wala fimbo. Mlinzi anasema alimwona akitembea kuelekea sokoni, ameshika ukuta, kisha akakosa ukuta, akaendelea. Wapakizi wa korosho wanasema mwanamume asiyeona alikuwa anauliza lori la Newala, akipita kutoka gari moja hadi lingine akigonga mbao. Mahmudu, dereva wa Newala, alikuwa ameshusha mzigo akirudi huko mtupu. Nadhani amempakia. Nimejaribu kupata gari nimfuate, nimekosa.

Hajatoka hata mara moja nje ya uzio wa hospitali bila mtu. Akifika salama nijulishe. Asipofika pia nijulishe.

Cecil


Mnyambe,
16 Novemba 1954

Bwana Cecil mpendwa,

Amefika. Nimeanza na hilo, usiwe na wasiwasi zaidi.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa ulikuwemo tangu mwanzo.

Jumamosi asubuhi wazee walishakaa uani. Mjomba Dastani kwenye kiti chake, Silvano na wazee wake wawili kwenye mkeka, mama na Helena na mimi upande wa jikoni. Silvano ni mtu mpole, sitasema baya juu yake. Alikuwa ameniletea sukari ya Ethel. Mjomba alikuwa ameanza kusema, ameshataja jina langu na la marehemu baba, ndipo tukasikia lori limesimama njiani na Mahmudu anapiga kelele, “Huku, huku, kushoto kwako! Sasa nyoosha!”

Akatokea. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani mpaka miguuni, na goti linatoka damu. Uso wake sikuwa nimeuona tangu alipoondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa makovu. Sikuwa nimejiandaa kuona amekonda hivyo. Alisimama katikati ya ua, hakujua watu wamekaa wapi, akasema hewani, “Shikamooni.”

Kisha mjomba akasema, “Marahaba. Umekuja kufanya nini?”

“Nimekuja kusoma barua yangu.”

Mjomba akacheka, si kwa ubaya. “Utaisoma kwa nini?”

“Kwa hiki,” akainua kidole.

Nilikwenda ndani nikaileta. Nilimpa mkononi bila kumsalimia, Bwana Cecil, mimi mke wake. Nilikuwa nimejaa. Akachutama pale pale chini, akaiweka karatasi juu ya paja, akaanza. Masizi niliyopaka yalimchafua vidole. Alisoma kwa sauti, polepole, mbele ya wote, ile ambayo hata wewe ulizuiwa kuisoma. Alisema “nikakuficha”. Alisema “kwa sababu ya aibu”. Mzee mmoja wa Silvano aliacha kutafuna korosho zake. Mimi nilifuata kwa midomo, maana naijua yote kwa kichwa, na kila alipokaribia mwisho nilitamani mtu amzuie.

“Neno moja tu,” akasoma. “Wewe kwangu ni…”

Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

“J,” akasema. “I. W.” Akainua uso, jasho linamtoka. “Mabel, uko wapi?”

“Niko hapa.”

“Nilikuwa nimechoka. Neno hili nililiacha la mwisho kwa sababu nilikuwa naliogopa. Kuchoma na kusoma si sawa. Ukichoma unageuza kila herufi, kwa kuwa unachomea nyuma ya karatasi. Hapa nilisahau kugeuza. Nilichoma kama ninavyosoma. H imetoka J. E imetoka I. R imetoka W. I imetoka E.” Akaanza kutikisa kichwa. “Soma sasa. Tafadhali soma wewe.”

Nilisimama pale nikizigeuza moja moja kichwani. H. E. R. I.

Helena ndiye aliyelisema. “Heri,” akasema. “Wewe kwangu ni heri.” Kisha mama yangu akaanza kulia, naye tangu Juni hakuwa amelia.

Usifikiri mambo yaliishia hapo kama hadithi za watoto. Mjomba alingoja vilio viishe. Akasema, “Neno ni zuri. Lakini nauliza vilevile. Nani atalima?” Filemoni akasema hatalima Mnyambe. Akasema anasuka viti, na Sista ameahidi kumweka awafundishe wengine vinundu, na mshahara utakuwa mdogo lakini utakuwepo, na nyumba ya chumba kimoja ipo Masasi. Mjomba akasema mtoto wa kwetu halelewi kwa watu. Filemoni akasema anajua. Wakavutana. Sauti zikapanda. Silvano akainuka, akajifuta vumbi, akamwambia mjomba kwa upole kwamba yeye aliambiwa mwanamke ameachwa, sasa anaona hajaachwa, na anaomba njia. Sukari ameiacha.

Ndipo mjomba akanigeukia. “Mabel, wewe ndiye uliyeniambia niite watu hawa. Sasa sema.”

Nilisema nimekosa kwa kuwasumbua wazee. Nilisema baraza niliitaka kwa hasira, na hasira ilitokana na neno ambalo halikuandikwa. Nikasema naenda Masasi na mume wangu korosho zikiisha, na kama mjomba atakataa nitakwenda nikiwa nimekataliwa, lakini napenda zaidi niende nikiwa nimeagwa.

Mjomba alimtazama Ethel. Mwisho akasema, “Ethel ni wa ukoo huu. Msimsahaulishe njia ya kuja huku.” Akachukua fimbo yake akaenda kuangalia mbuzi, ambao hawakuwa na tatizo lolote. Kwa mjomba wangu hiyo ndiyo ruhusa.

Kwa hiyo mwambie Sista tutashuka Desemba, wote watatu. Filemoni anakuomba radhi kwa ile habari ya chati. Mimi pia nakuomba radhi. Umebeba maneno yetu mengi, mengine mazito, na hujapata kitu.

Jana aling'ang'ania kushuka nami bondeni kuteka maji. Nikamwambia njia ni mbaya hata kwa mwenye macho. Akasema amechoka kukaa uani akitazamwa. Alishika pindo la kanga yangu tukashuka. Aliteleza, akalaani, akacheka. Wanawake walikuwa wananyamaza tukifika karibu nao. Wakati wa kurudi alijitwika debe begani akapanda nalo, nami nyuma na ndoo yangu.

Katikati ya mteremko alisimama. Nikadhani amechoka.

“Hapa mtu akisimama,” akasema, “anaona nini?”

Nikamwambia Ruvuma iko kule chini, imepungua maji, mchanga unang'aa. Ng'ambo, upande wa Wareno, kuna moshi wa watu wanaochoma mashamba.

“Moshi wa rangi gani?”

Nikatazama. Sikuwa nimewahi kuutazama. Nikamwambia chini ni mweusi, juu kidogo ni kama maziwa yaliyotiwa chai.

“Endelea,” akasema.

Nikaendelea. Debe lilikuwa bado begani kwake, wala hakulitua. Nikamtajia miti, na ndege, na kivuli cha wingu kikipanda mlima wa wenzetu wa ng'ambo, na wenzangu wote wakatupita na ndoo zao, nami nilikuwa bado sijamaliza.

Mabel